Presha ya mama imeshuka siku ya nne bila vidonge: ni mitishamba au ni nini?

"Salamu daktari. Tunaishi Busia, upande wa Uganda. Mama yangu ana miaka 58. Mwezi wa tatu alipimwa presha kwenye kituo cha afya ikawa 168 kwa 102. Wakamwita tena baada ya wiki, bado iko juu vilevile, wakamwandikia amlodipini miligramu 10, kidonge kimoja kila siku. Baada ya wiki kama tano miguu ikaanza kuvimba, ikifika jioni viatu haviingii. Mama mdogo akamwambia vidonge hivyo vinakula figo, na ukishavianza huviachi mpaka kaburini. Wakaenda sokoni kwa mganga wa mitishamba, wakarudi na jerikeni ya lita tano: maua ya hibiskasi, kitunguu saumu, ndimu, majani ya ovakado na ya mululuza, ule mti mchungu. Anakunywa glasi asubuhi na glasi jioni, vidonge ameviacha. Siku ya nne tukampima: 136 kwa 84. Nyumbani wote wanafurahi, mimi ndiye ninayeogopa. Aendelee na jerikeni peke yake? Au achanganye? Sitaki kugombana na mama."

Salamu kwako pia, ndugu yangu. Jibu la haraka ni hili: asiendelee na jerikeni peke yake. Arudie vidonge kama alivyoandikiwa, jerikeni ipumzike kwanza, na wiki hii hii arudi kituoni akaeleze habari ya miguu. Lakini najua jibu la namna hiyo halitamshawishi mama, wala mama mdogo, na hawana kosa. Wameona namba kwa macho yao. Kwa hiyo tuanze na hiyo namba.

Amlodipini ni dawa inayokaa sana mwilini. Nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kutoka, na kwa watu wa umri mkubwa huchukua muda mrefu zaidi. Mtu aliyeimeza kila siku kwa wiki tano akiiacha Jumatatu, Ijumaa bado anayo ya kutosha kwenye damu, na presha haipandi kwa kishindo. Hupanda kidogo kidogo kwa wiki moja hivi au zaidi. Jiko la mkaa ukiacha kuliongezea mkaa halipoi papo hapo, utachemsha hata chai juu yake. Siku ya nne mliyompima mama, jiko lilikuwa bado la moto. Ile 136 kwa 84 kwa sehemu kubwa ni kazi ya vidonge alivyomeza wiki iliyotangulia, na jerikeni imepewa sifa isiyo yake.

Kuna jambo moja hukuniandikia, nalo ndilo ningelitaka kuliko yote: presha ilikuwa ngapi wiki ya nne au ya tano, akiwa bado anameza? Angalia kitabu chake cha kituo. Mara nyingi nikiuliza hivyo nakuta ilikwisha shuka, ila hakuna aliyeshangilia kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye miguu. Kama humo mna 138 au 134, basi umepata la kumwonyesha mama bila kugombana naye.

Sasa miguu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mama ana haki ya kulalamika. Alipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza. Amlodipini inashusha presha kwa kulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye viungo. Inalegeza zaidi ile inayopeleka kuliko ile inayorudisha damu moyoni, kwa hiyo damu inaingia kwenye vijishipa vyembamba vya miguuni kwa nguvu kuliko zamani, na maji kidogo yanachuja nje na kutuama kwenye vifundo. Ndiyo sababu uvimbe unazidi jioni baada ya kutwa nzima ya kusimama, na asubuhi unakuwa umepungua. Ukibonyeza kwa kidole gumba pale juu ya kifundo, kishimo kinabaki kwa muda. Figo hazihusiki hapo. Ni tabia ya dawa hii inayojulikana sana, huonekana zaidi kwa wanawake, na hutegemea dozi: kwenye miligramu 10 ni kawaida kabisa, kwenye 5 hupungua sana.

Na dawa yake ipo. Daktari anaweza kushusha amlodipini hadi 5 na kuongeza kidogo cha dawa ya jamii nyingine. Dawa kama losartani au perindopili zina faida ya ziada, zinapunguza uvimbe huo huo kwa sababu zinalegeza na ile mishipa inayorudisha damu. Njia nyingine ni kuiunganisha na dawa ya kuongeza mkojo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Uganda ikiwamo, kwa wagonjwa wa presha Waafrika. Waliopewa amlodipini pamoja na dawa ya mkojo, au amlodipini pamoja na perindopili, walishuka vizuri kuliko waliopewa perindopili na dawa ya mkojo bila amlodipini. Nakutajia hili kwa sababu najua kuna mtu atamwambia mama aitupe amlodipini moja kwa moja. Kwa watu wetu ni dawa nzuri sana. Inahitaji kupimwa dozi tu, na wa kubadilisha ni daktari aliyeona mkojo na damu yake, si jirani mwenye vidonge vilivyobaki.

Kuhusu figo, mama mdogo ameligeuza jambo. Kinachokula figo ni presha yenyewe. Figo ni chujio la vijishipa vyembamba mno, na damu ikipita humo kwa nguvu ya 168 mwaka hadi mwaka, vijishipa hivyo vinakakamaa na kufa kimyakimya. Mgonjwa anakuja kugundua mwishoni, wakati huo pia anameza vidonge, na lawama inakwenda kwa vidonge. Hata hivyo usiniamini mimi kwa maneno matupu: aombe kituoni apimwe mkojo kama una protini, na damu kwa ajili ya kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo) na sukari. Vipimo hivyo vilitakiwa kufanywa hata kabla ya dawa kuanza, na vitamtuliza mama kuliko hotuba yoyote.

Na hili la "huachi mpaka kaburini". Vidonge vya presha havimfungi mtu kama pombe au sigara. Ukiviacha presha inarudi kwa sababu kilichoipandisha hakijaondoka: mishipa iliyokakamaa kwa umri, chumvi, uzito, urithi wa ukoo. Wapo wanaopunguziwa dozi, na wachache wanaoachishwa kabisa, wakishapungua uzito na kubadili chakula. Lakini wanaachishwa na daktari, polepole, huku wanapimwa. Kuna dawa nyingine za presha, kama propranololi, ambazo kuziacha ghafla ni hatari kubwa kwa moyo. Mama yako ana bahati kwamba yake si hiyo.

Haya, jerikeni. Sitaki kuibeza, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kweli.

Hibiskasi, yale maua mekundu ya rosela, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko vyote ulivyovitaja. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya chai ya maua hayo kila siku kwa wiki sita, wengine wakapewa kinywaji cha kufanana nayo. Waliokunywa chai ya kweli, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7. Wale wengine ilishuka kwa 1 tu. Saba si kidogo. Lakini mpigie mama hesabu hii: anatoka 168, anatakiwa kushuka chini ya 140. Anahitaji karibu 30. Chai ikimpa zile saba zote, anabaki 161, na 161 ni namba ya kiharusi.

Kitunguu saumu nacho kinasaidia kiasi kama hicho kwa wenye presha, ingawa tafiti nyingi zilitumia vidonge vya kitunguu saumu vilivyotengenezwa na kupimwa, si punje zilizopondwa kwenye jerikeni. Kwenye mchuzi ale bila hofu. Akianza kumeza kichwa kizima kila siku, damu inakuwa rahisi kuvuja, na kama anatumia aspirini au wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, au anakwenda kung'olewa jino, lazima aseme. Majani ya ovakado na mululuza yanatumiwa sana hapa kwetu kwa presha na sukari, nami nimewasikia wengi wakiyasifu, ila majaribio yaliyopo ni ya panya kwa sehemu kubwa. Mululuza huweza kushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari anayemeza dawa zake akiichanganya anaweza kutetemeka na kutokwa jasho kwa sukari kushuka mno. Ndimu haina ubaya.

Watu huniambia, "Lakini daktari, hata dawa za hospitali zinatoka kwenye miti." Ni kweli, na kwenye presha kuna mfano ulio wazi. Kuna mti unaoitwa kisayansi Rauvolfia, jamii moja ya mti huo inaota kwenye misitu yetu ya Uganda. Wahindi walitumia mizizi ya ndugu yake kwa karne nyingi. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakatoa humo dawa inayoitwa reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za presha zilizofanya kazi kwelikweli duniani. Dozi yake ni sehemu ndogo sana ya miligramu moja. Ikizidi, mtu anasinzia, moyo unakwenda taratibu, anazama kwenye huzuni nzito. Sasa fikiria mganga anachimba mzizi leo kilimani na kesho bondeni, mmoja mchanga na mwingine mzee, kisha anachemsha kwa kukadiria. Mtishamba wenye nguvu ya kushusha presha kutoka 168 ni dawa kamili, una dozi na una madhara kama kidonge, tofauti ni kwamba hakuna aliyeupima.

Hapo ndipo hofu yangu juu ya jerikeni ilipo. Glasi ya siku ya kwanza si sawa na glasi ya siku ya kumi, maana imekaa kwenye joto la Busia ikichachuka. Hujui viungo vyote. Mganga ametaja vitano. Na si uzushi kwamba baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili hukutwa zimetiwa dawa za kizungu zilizosagwa. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, imeshatoa maonyo ya namna hiyo. Wapo waganga waaminifu, tena wengi. Tangu 2019 tuna sheria ya dawa za asili, na pale Wandegeya, Kampala, iko maabara ya serikali inayochunguza mitishamba. Mganga mwaminifu hakatai kukuandikia kwenye karatasi kila alichoweka. Mwombeni. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Kuchanganya, basi? Kwa kipimo, na si wiki hii. Mama akisharudia vidonge, akapimwa, na daktari akamwekea dozi inayomfaa, anaweza kunywa chai ya hibiskasi nyumbani: kijiko kidogo cha maua makavu kwenye kikombe cha maji ya moto, bila sukari, vikombe viwili au vitatu kwa siku, na daktari ajue. Ile juisi nyekundu ya chupani yenye sukari nyingi haihesabiwi. Akisikia kizunguzungu anapoinuka kitandani, apimwe, pengine presha imeshuka kupita kiasi, na kitakachopunguzwa kwanza ni chai. Kigagi, yaani alovera, asikitumie kabisa kama atapewa dawa ya mkojo: utomvu wake unaharisha, na vyote viwili vinatoa potasiamu mwilini hadi misuli inalegea na moyo kukosa mpangilio. Balungi nalo linaongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, hasa nifedipini. Na kama ndani ya nyumba kuna mjamzito mwenye presha, jerikeni hiyo asiionje, wala mumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba. Presha ya mimba inaweza kuua mama na mtoto kwa siku chache, na mahali pake ni hospitali.

Kama mama anataka dawa ya asili isiyo na mzozo, iko jikoni, na ndiyo ninayopenda kuizungumzia kuliko zote. Chumvi huvuta maji kwenye damu, figo za watu wengi wa kwetu huitoa chumvi hiyo polepole, na mishipa inabeba mzigo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa chakula chote, yaani kijiko kimoja kidogo. Busia hicho kijiko kinakwisha mapema: samaki wa chumvi mchana, kiungo cha pakiti kwenye mchuzi wa karanga, chumvi ya kunyunyizia mezani, chapati jioni. Wengine wananiambia wao hutumia chumvi ya Katwe kwa kuwa ni ya asili kutoka ziwani. Ni chumvi ile ile, presha haiulizi imetoka ziwa gani. Samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe mara mbili, au badala yake apikwe samaki mbichi kutoka ziwani. Mchuzi utiwe chumvi mara moja tu, jikoni. Wiki mbili za kwanza atasema chakula hakina ladha; ulimi huzoea.

Upande wa pili matoke, maharage, mboga za majani kama dodo na nakati, ndizi mbivu na hilo tunda la ovakado lenyewe vina potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi. Mwaka 1997 utafiti maarufu wa Marekani uliwalisha watu mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na nafaka. Wale waliokuwa na presha walishuka kwa 11 kwenye namba ya juu bila kidonge hata kimoja. Hiyo ni zaidi ya chai ya hibiskasi. Sharti moja: kipimo cha figo kitoke kwanza, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na losartani huiongeza. Kutembea nusu saa kila siku na kuacha waragi mama atakuwa ameshaambiwa.

Kuna swali moja la mwisho la kumwuliza, na mumwulize kwa upole: anatumia nini akiumwa mgongo au magoti? Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kama pipi, zinapandisha presha, zinazuia kazi ya dawa za presha, na hizo ndizo kweli zinazoumiza figo. Nimeona wagonjwa wakiongezewa dozi ya presha kumbe tatizo ni kidonge cha mgongo. Panado inamtosha kwa sasa.

Kuhusu kupima, msipime kwa furaha wala kwa hofu. Akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini, asiongee, mkono uwe mtupu na uwekwe mezani usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa nusu saa iliyopita. Pimeni mara mbili mkiacha dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, mkiandika zote, hata msizozipenda. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Kama hamna mashine, mhudumu wenu wa afya wa kijiji (VHT) au duka la dawa linaloaminika watasaidia. Kwa vipimo vya nyumbani wastani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, bado haijatulia.

Usimwambie mama amekosea. Mwambie daktari anataka kuiona miguu, na hilo ni kweli. Nendeni pamoja, na mama mdogo aje kama anataka, mbebe vidonge, daftari la vipimo na karatasi ya mganga. Sentensi ya kumwambia daktari ni fupi: "Miguu inavimba tangu amlodipini ya 10, ameacha, tunaomba dozi nyingine." Hakuna daktari mwenye akili atakayemgombeza kwa hilo. Unaweza kumwambia mama pia kwamba uchunguzi wa nchi nzima wa 2014 ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda wana presha, na katika hao, waliokuwa wakijua hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Yeye anajua, na bado ana muda.

Msingoje miadi kama uso unavimba asubuhi au mkojo unatoa povu, kama mguu mmoja tu umevimba na unauma, au kama anashindwa kupumua akilala chali. Hizo si tabia za amlodipini. Presha ikiwa 180 kwa 120 au zaidi, apumzike, mpime tena baada ya dakika chache, na ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama anajisikia vizuri. Ikiambatana na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kuchanganyika au macho kuingia giza, msimpe glasi wala kidonge cha chini ya ulimi cha jirani. Chukueni gari moja kwa moja hadi hospitali ya Masafu au ya Tororo, hata kama ni usiku, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.